Bei ya Kipande Kimoja



Katika mji wetu wa Goma, pikipiki si chombo cha fahari. Ni jembe la wengi: humlisha anayeiendesha, humfikisha mgonjwa hospitalini na mwanafunzi shuleni. Njia zetu nyingi zimelala juu ya mawe ya volkano. Lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na magurudumu yanayahesabu mawe yake hata leo. Vyuma huchoka upesi. Kwa hiyo swali la kipande cha bei nafuu ni swali la mkate.

Ndugu mmoja wa kikundi chetu, motari mwenye watoto watatu, alitueleza shida yake. Kibebeo cha nyuma kilikuwa kimepasuka, bushi za mkono unaoshika gurudumu la nyuma zimelika, na vibao vya breki vimekwisha. Fedha aliyokuwa nayo haikufika nusu ya vipande vya dukani. Tukafuatana naye kwa mafundi wa Birere.

Mchomeleaji alimwuliza kwanza hubeba nini. Aliposikia ni magunia ya makaa, akaunda kibebeo kwa nondo zilizokwisha kutumika ujenzini, akakiongezea mguu mmoja. Kilikuwa imara kuliko cha dukani, na bei yake ilikuwa ndogo. Bushi zilikerezwa kutoka kipande kikuukuu cha shaba, kwa kufuata vipimo vya zile za zamani. Hayo si mageni kwetu. Maseremala wa chukudu huchonga mkaratusi kulingana na mzigo, kisha huvika gurudumu mpira wa tairi kuukuu.

Kuhusu breki, ndugu yetu aliomba vibao vya zamani vibandikwe kitu chochote. Fundi akakataa: “Kinachobeba nitakitengeneza. Kinachosimamisha, kanunue.”

Fedha pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa akiba ya safari yetu ya vijana. Baadhi yetu walinung’unika, wala hawakuwa na kosa, kwa maana walikuwa wamechanga kwa jasho. Tukajadiliana hadi jioni. Hatimaye tuliona kwamba abiria atakayepanda pikipiki ile hakuulizwa kama anakubali hatari ya breki mbovu. Tukanunua vibao vipya. Mwaka ule hatukusafiri.

Tangu hapo tunatofautisha unafuu wa namna mbili. Mmoja huzaliwa na ujuzi wa mikono na kutotupa kinachofaa; huo ni baraka. Mwingine hupatikana kwa kumtwisha mtu mwingine hatari asiyoijua. Huo ni deni, na mara nyingi mlipaji si mkopaji.

Mkienda kwa fundi, chukueni kipande cha zamani ili akipime. Mwambieni ukweli juu ya mzigo. Patananeni bei kabla ya kazi, na mrudi baada ya siku chache ili akague alichokifunga. Breki, mnyororo na usukani msivibahatishe.

Tunawaachia swali la kujadili katika vikundi vyenu: ni nani kati yetu anayebeba watu leo kwa chombo anachojua hakisimami vizuri, na sisi tumeweka akiba ya nini?