Farasi mpole wa mtoto akaguliwe kabla hajatandikwa

Ukitoka mjini Denton, Texas, kwa barabara kuu ya 377 kuelekea kaskazini, utapita Aubrey na kisha Pilot Point, na njia nzima ni uzio, mabanda na farasi. Udongo wa hapa ni wa kichanga, haukai na maji, na miguu ya farasi inaupenda. Mzazi anayemtafutia mtoto farasi wa mashindano ya starehe, yale ya mtindo wa makauboi, hana haja ya kwenda mbali.

Mashindano hayo hayana mbio wala viunzi. Farasi anatembea, anakimbia polepole kwa mapigo mawili, kisha kwa mapigo matatu, hatamu imelegea na kichwa kiko chini. Anayetamba ni Quarter Horse, aina iliyopata jina kwa kasi yake katika mbio za robo maili, ingawa hapa anayeharakisha ndiye anayekosa alama.

Na hapo ndipo mzazi anapoweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Farasi hodari wa mchezo huu na farasi aliyechomwa dawa ya kutuliza wanafanana: wote ni wapole, wazito wa hatua, kichwa chini. Mtoto anapanda, mama anapiga picha, fedha zinatoka. Siku mbili baadaye dawa imekwisha mwilini, na mnyama wa kilo zipatazo 500 anashtuka mtoto akiwa mgongoni.

Faida ya kununua kwa muuzaji wa jirani ni kwamba unaweza kurudi. Nenda mara ya pili, ikiwezekana asubuhi na bila kupiga simu. Omba farasi akamatwe malishoni mbele ya macho yako, atandikwe ukiwepo, na muuzaji apande kwanza. Ukimkuta tayari ana jasho shingoni, uliza kwa nini. Huenda amezungushwa kwa kamba hadi akachoka.

Kisha mlete daktari wa mifugo wako, si yule anayemhudumia muuzaji. Atabana kwato kwa koleo, atakunja kila mguu kwa dakika moja hivi na kumkimbiza farasi papo hapo aone kama anachechemea. Atatoa damu pia: ya kupima dawa, na ya kupima upungufu wa damu unaoambukiza farasi, ugonjwa usio na tiba wala chanjo.

Kipimo kimoja kinahusu ukoo. Dume aitwaye Impressive, aliyezaliwa 1969, aliacha uzao mkubwa pamoja na kasoro ya misuli iitwayo HYPP, inayomfanya farasi atetemeke na hata kuanguka. Chama cha Quarter Horse, chenye makao Amarillo, hakisajili watoto waliozaliwa kuanzia 2007 wenye jeni mbili za kasoro hiyo. Mwenye jeni moja bado anasajiliwa, kwa hiyo cheti cha ukoo peke yake hakitoshi. Farasi huyo pia hafai kulishwa lusini nyingi, kwa kuwa ina potasiamu kwa wingi.

Kofia ya kauboi inapendeza uwanjani, lakini haikingi fuvu. Helmeti inaruhusiwa na haipunguzi alama. Mtoto aivae hata siku ya kujaribu.