Lori Lililokuwa Likipepesa

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliniletea mradi wa Visual Basic. Alikuwa amechora makutano ya Mkiwa: barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, njia ya Itigi, na lori linalokata kona. Kila kitu kilikuwa sawa, ila lori lilipepesa kama taa ya jenereta inayoishiwa mafuta. Nikamwambia kompyuta yetu imezeeka, kisha nikampunguzia alama.

"Samahani, mwalimu," alisema wiki iliyofuata, "mbona video inacheza vizuri kwenye kompyuta hiyo hiyo?"

Sikuwa na jibu. Jioni nilibaki maabara, nikafungua kazi yake na kukuta mistari niliyomfundisha mimi mwenyewe. Kila taima ilipogonga, programu ilipaka dirisha lote rangi ya ardhi, ikachora barabara, kisha nyumba, mwisho lori. Sasa, skrini nyingi hujionesha upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7 hivi, wala haziulizi kama umemaliza kuchora. Skrini ikikukuta umefuta na lori bado, itaonesha barabara tupu. Jicho linaona lori, halioni, linaona tena.

Usifute kabisa? Wengi hujaribu. Lori huacha mkia wa malori hadi Itigi.

Dawa ni kuchorea pembeni. Mwalimu mmoja anafuta ubao na kuuandika upya mbele yenu. Mwingine anaandika manila nyuma ya kabati, kisha anaitundika juu ya ile ya zamani. Bafa ndiyo hiyo manila: picha nzima huchorwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikikamilika hunakiliwa kwenye skrini kwa mkupuo. Fomu ya Visual Basic ina sifa iitwayo DoubleBuffered, iweke True. Lakini hapo nilikwama karibu saa nzima, maana lori liliendelea kupepesa. Nilikuwa bado nachora kwa CreateGraphics, na mchoro wa namna hiyo huipita bafa pembeni ukaenda moja kwa moja kwenye skrini. Hamishia uchoraji wote kwenye tukio la Paint. Taima ibaki na kazi mbili tu, kubadili mahali pa lori na kuita Invalidate.

Lori likatulia.

Asubuhi nilimrudishia alama zake mbele ya darasa na kusema kosa lilikuwa langu. Akashukuru, kisha akauliza kwa nini kwenye kompyuta ya dirishani lori linakwenda taratibu zaidi. Tulikuwa tumeliambia lisogee pikseli 4 kila taima inapogonga, na kompyuta ile huchelewa kugonga. Tukarudi kwenye fizikia: umbali ni kasi mara muda. Kwa kasi ya pikseli 100 kwa sekunde, zikipita sekunde 0.04 lori linasogea pikseli 4, zikipita 0.06, linasogea 6. Kompyuta zote mbili zikafika Itigi pamoja.