Deni la Msomi kwa Jirani

Katika mji wetu wa Lubumbashi mtu aliyetoka chuo kikuu huitwa msomi hata asipopata kazi. Jina hilo lina heshima, lakini ndani yake limo swali: umesoma, je, sisi umetuletea nini? Wazee waliokulia katika kambi za Union Minière walikuwa wakiliuliza wazi wazi. Kijana aliyemaliza masomo ilimpasa kuwasomea majirani barua zao, kuwajazia karatasi za pensheni na kuwasindikiza wajane mpaka ofisini. Hakuna aliyeona huo kuwa ukarimu. Lilikuwa deni.

Mimi ni mwalimu. Nililelewa kazi hiyo katika chuo cha ualimu, na kwa miaka mingi nimekuwa pia katekista. Mara nyingi nasikia watu wakisema kwamba chuo kikuu kinawahudumia raia kinapogawa unga siku ya Noeli, au wanafunzi wanapofagia soko. Sipingi hayo, kwani mwenye njaa hashibi maneno. Lakini unga hata mfanyabiashara anaweza kuugawa. Iko huduma ambayo wenye elimu peke yao ndio wanaoiweza, nayo ni kupima, kuchunguza, kukumbuka, na kisha kurudi na jibu kwa yule aliyeulizwa.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa mwaka 1955, mji ungali ukiitwa Elisabethville, nacho kimezungukwa na migodi ya shaba na kobalti. Maprofesa wake wanavuta vumbi lile lile tunalovuta sisi. Labda ndiyo sababu baadhi yao waliacha kuuliza maswali ya mbali wakauliza la karibu: vumbi hili linafanya nini mwilini? Waganga wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, waliwapima mkojo watu 351 wa Katanga, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana bado kwa raia wa kawaida popote pengine. Hao si wachimbaji tu. Walikuwamo na watoto wadogo.

Baadaye walifika Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Huko, mwaka 2014, kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, na kwa muda mfupi viwanja vikajaa mashimo. Watu waliendelea kupika na kulala kando ya mashimo hayo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto wa mtaa huo ndio waliobeba kobalti nyingi zaidi, na kwamba katika chembe za miili yao kulionekana dalili za madhara. Mtoto hachimbi, anacheza tu chini, na vumbi linamfuata mpaka kitandani.

Uchunguzi ulionigusa kuliko yote ni ule wa mwaka 2020 kuhusu watoto wanaozaliwa na ulemavu hapa Lubumbashi. Waganga waliwalinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana na wengine 108 wasio nazo. Waliuliza kuhusu chakula, maji, makao na kazi za wazazi. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine lilikuwa kazi ya baba: hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipofanya kazi inayohusu madini.

Mtu asiyeishi kwetu anaweza kusoma maneno hayo na kuona hesabu tu. Sisi tunajua mtoto wa namna hiyo anapozaliwa ni nani anayeshitakiwa. Ni mama. Wataulizwa ukoo wake, watapekuliwa mienendo yake, wengine watataja laana, wengine uchawi. Nimekaa katika vikao vya jamaa ambamo mwanamke alinyamaza saa nzima, huku mumewe, mwenye nguo zenye vumbi la machimbo, akihesabiwa kuwa mtu aliyeonewa.

Ndipo naona shida ya deni letu. Matokeo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ya wataalamu. Ni lazima iwe hivyo, ili wataalamu wengine wayapime. Lakini mama aliyeulizwa maswali aliulizwa kwa Kiswahili, na katika vikao vya jamaa hakuna anayefungua jarida. Kati ya maabara na jiko lake kuna njia ndefu, na mwenye kuweza kuipita ni yule aliyesoma kule na kuzaliwa huku.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyehitimu udaktari, aliipita njia hiyo. Alitukusanya katika ukumbi wa parokia baada ya misa, nami nikamsaidia kutafuta maneno. Tulihangaika sana, kwani lugha yetu ina maneno mengi ya vumbi na machache ya chembe za mwili. Mwishowe aliacha maneno makubwa akaeleza kwamba vumbi la kazi huingia katika mwili wa baba pia, si wa mama peke yake, na kwamba mtoto hutoka kwa wote wawili. Akawaomba wanaume wavue nguo za kazi nje ya nyumba, waoge kabla ya kumbeba mtoto, wasilaze mifuko ya mawe chumbani. Mzee mmoja alisimama akamwuliza, “Mwanangu, ukituambia tuache, tutakula nini?” Kijana hakumdanganya. Alisema hilo yeye hana dawa yake, na kwamba hakuja kuwaambia waache, bali wasiipeleke kazi yao kitandani kwa watoto. Wengine waliondoka wakinung’unika. Niliwaelewa, tangu maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines walipoachishwa kazi mwaka 2003, shimo ndilo limekuwa shamba la wengi.

Watu walipokwisha kutawanyika, mama mmoja alibaki. Ana mtoto wa miaka minne aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, na wakwe zake wako Likasi. Aliniambia, “Baba Mwalimu, niandikieni hayo kwenye karatasi, niwapelekee.” Tuliketi kwenye benchi tukaandika. Alitaka tuseme kwamba kazi ya mumewe ndiyo sababu. Kijana alikataa kwa upole. “Mama, hilo siwezi kulitia sahihi,” alimwambia. “Uchunguzi unasema hatari inaongezeka, hausemi ni nini kilichompata mtoto wako huyu. Lakini naweza kuandika kwamba hakuna mganga aliyeona kosa kwako.” Mama alifikiri kitambo, akasema hilo linatosha. Kijana aliandika jina lake, tarehe, na nambari yake ya simu, endapo baba mkwe angetaka kuuliza.