Julai ya Liège si Julai ya Kisangani

Kila mwaka jua la Ulaya linapokolea, kalenda ileile huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakisangani walioko Ubelgiji na Ufaransa, na baada ya siku chache huwa imeshafika mitaa ya Makiso na Mangobo, Kisangani kwenyewe. Juu kuna picha ya waridi jekundu, chini orodha ya kazi: Julai, mwagilia mapema asubuhi, funika udongo usikauke, kata maua yaliyonyauka, upe mwaridi mbolea yake. Shangazi anamtumia mpwa, mpwa anaitumia kwaya nzima ya parokia. Hapo ndipo inapoanza kukera. Kalenda yenyewe ni nzuri, imeandikwa na watu wanaoijua kazi yao, ila imeandikiwa nchi yenye katikati ya kiangazi. Kisangani iko kama nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Katikati ya kiangazi kipi?

Ubelgiji kiangazi kipo, tena kina haraka. Mwishoni mwa Juni mchana hufika saa 16 na nusu hivi, na inapokaribia saa nne usiku mtu bado anaweza kusoma gazeti nje bila taa. Maua yanajua kwamba muda ni mfupi. Lavenda, petunia, dalia, yote yanataka kuchanua, kuzaa mbegu na kumaliza kabla baridi haijarudi. Kazi ya mwenye bustani ni kuyachelewesha. Ndiyo maana jioni, watu wakishatoka kazini, unawaona wameinama mbele ya nyumba zao na mkasi mdogo mkononi, hawana haraka yoyote.

Inapendeza sana kuwatazama. Ua likishanyauka likaachwa, mmea hupeleka nguvu kwenye mbegu; likiondolewa mapema, mmea hujaribu tena. Kwa mwaridi, mkasi hupita kwa mshazari juu kidogo ya jani lenye vipande vitano, pale penye kichipukizi kinachotazama nje, ili tawi jipya lisije likakua kuelekea ndani ya kichaka ambako hakuna hewa. Petunia haihitaji mkasi, vidole vinatosha. Lakini lazima kile kifuko cha kijani kilicho chini ya ua king'oke pia, kwa sababu ndicho kinachobeba mbegu. Anayechuma petali peke yake amepoteza jioni yake.

Halafu kuna maji. Tarehe 25 Julai 2019 kipimajoto cha Begijnendijk, upande wa Flanders, kilisoma nyuzi 41.8, joto ambalo Ubelgiji haikuwa imewahi kulipima. Katika miaka ya ukame iliyofuata, manispaa kadhaa zilikataza watu kumwagilia bustani kwa maji ya bomba. Kwa hiyo chini ya mifereji ya mapaa watu huweka mapipa, na huko Flanders nyumba mpya hujengwa na kisima cha kukinga mvua. Aliyekulia Kisangani akiliona pipa hilo anajisikia nyumbani. Tofauti ni kwamba kwetu maji ya bati ni ya kufulia, kuoshea vyombo na kuogeshea watoto. Hakuna mama wa mtaa wetu wa Kabondo atakayeyamwagia maua wakati nguo za shule bado zimelala kwenye beseni.

Mama mmoja wa Kabondo, kwa kweli, ndiye aliyeonyesha vizuri zaidi umbali ulioko kati ya pande hizi mbili. Alimtembelea binti yake Liège, akakuta nyuma ya nyumba nyasi zimefika magotini. Jumapili, baada ya misa, akamwambia mjukuu awashe mashine. Haikuchukua muda jirani akabisha hodi, kwa adabu zote, kueleza kwamba Jumapili mashine za kukata nyasi haziruhusiwi katika manispaa yao, kama ilivyo katika manispaa nyingine nyingi za Ubelgiji. Tena zile nyasi ndefu zilikuwa zimeachwa makusudi, kwa ajili ya nyuki. Mama alinyamaza, lakini jioni akamwambia binti yake, "Mtu anaachia majani mpaka mlangoni, na watoto wanacheza humo?"

Ana haki yake. Lupango la Kisangani, yaani uwanja wa nyumba, hufagiliwa kila asubuhi mpaka udongo ubaki mtupu, na mistari ya ufagio ionekane. Nyoka akipita anaonekana, maji hayatuami, mbu hawapati pa kuzaliana. Waliokua wakati wa Mobutu wanakumbuka pia salongo, kazi ya lazima ambayo ilimkuta kila mtu na panga mkononi. Katika mji uliozungukwa na msitu, maua hayahitaji kubembelezwa yakue. Kazi ni kuyazuia.

Mvua ya Kisangani ni zaidi ya milimita 1,700 kwa mwaka, maradufu ya Brussels. Hupungua Januari na Februari, ikapungua tena kidogo Juni na Julai, lakini mwezi mkavu kabisa kama wa Lubumbashi haupo. Joto hubaki karibu na nyuzi 25 mwaka mzima, na jua huzama muda uleule, Krismasi au Julai. Hapo kalenda ya WhatsApp inamfundisha nini mtu? Kumwagilia kila asubuhi ndicho hasa bogenvilia isichokitaka. Ikinyweshwa sana hutoa majani na miiba, rangi ikakosekana. Ikionja kiu kidogo ndipo inajaa. Wiki za mvua chache ni zake za kutamba. Zikiisha, rangi zikianza kupukutika, ndipo wakati wa panga, na usionee huruma, maana huchanua kwenye matawi mapya.

Kufunika udongo, hapo kalenda inasema kweli, ila kwa sababu nyingine. Liège wanafunika ili maji yasipotee juani. Kisangani tunapaswa kufunika kwa sababu mvua hupiga udongo mtupu na kuosha chakula chote cha mmea kwenda mtoni. Majani yanayochomwa moto kila Jumamosi kwenye kona ya lupango ndiyo mbolea yenyewe, yangewekwa tu kwenye shina la kana na krotoni.

Na waridi? Kuna shangazi Makiso aliyeletewa miche kutoka Bukavu, akaitunza kwa kufuata picha ile hatua kwa hatua. Ilitoa maua, kisha majani yakajaa madoa meusi, yakageuka njano, yakaanguka. Ni kuvu, na kuvu hupenda jani lililolala na maji. Mwaridi unataka usiku wa baridi. Bukavu na Goma wanao, ziko juu ya mita 1,400. Mashamba makubwa ya Naivasha, Kenya, yako juu ya mita 1,800. Kisangani iko mita 400 hivi, na usiku wake ni wa shuka jepesi.

Kinachouma zaidi kiko kwenye maduka ya maua ya Ulaya. Hibiskasi, ambayo kwetu Tshopo ni uzio tu wa kuning'inizia nguo, huko inauzwa kwenye chungu, na Oktoba inaingizwa sebuleni isife. Impatiensi zinazojaza vivuli vya bustani zao asili yake ni Afrika ya mashariki, toka Kenya hadi Msumbiji. Nyingine, Impatiens niamniamensis, yenye ua jekundu na njano lililopinda kama mdomo wa kasuku, ni ya misitu yetu wenyewe, na Wazungu huiweka dirishani. Kisangani ukimwonyesha mtu atakuambia hayo ni majani, kata.

Jambo moja la Ulaya tungeliiga hata kesho: mkono ule wa jioni na mkasi mdogo. Hibiskasi ikiminywa ncha hutoa matawi mengi, na kila tawi huleta maua. Lakini nyuzio za hibiskasi zenyewe zinakwisha. Malupango yanagawanywa, kila kipande kinazungushiwa ukuta wa matofali wenye vigae vya chupa juu, na wizi wa usiku ni sababu ya kweli, hakuna anayeweza kuibeza. Fedha za kuta hizo mara nyingi hutumwa kutoka Liège, Brussels na Paris, na watu walewale wanaotuma kalenda. Wangemwambia fundi aache nafasi ya nusu mita tu kati ya msingi na njia. Fimbo za hibiskasi za urefu wa kiganja, zikichomekwa hapo Agosti mvua zinapoanza kuongezeka, huwa zimeshika mizizi ndani ya wiki chache, na mwaka unaofuata zinafika kifuani.