Usaha

Kiswahili kimeuhukumu usaha. Ni uchafu, hukamuliwa, hufutwa, hutupwa. Lakini ukiutazama kwa darubini, usaha ni maiti: chembechembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo nyutrofili, zilizokufa zikipigana na bakteria.

Kabla ya kufa, kila nyutrofili ilikuwa na kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni kutembea. Haina miguu, ina nyuzi za aktini zinazojengwa mbele na kubomolewa nyuma, hata seli nzima ikajivuta hadi kwenye maambukizo. Ya pili ni kuunguza. Ikishammeza bakteria, kimeng'enya kilicho kwenye utando wake huchukua elektroni kutoka NADPH na kuipa oksijeni, ikawa supaoksidi, kisha peroksidi ya haidrojeni. (Ndiyo dawa ileile ya kuoshea vidonda iuzwayo madukani.)

Seremala na mhunzi, basi. Mtu angedhani kila mmoja ana bwana wake. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba kimeng'enya kile hakiwaki bila protini ya ukoo wa Rac. Mwaka uliofuata Anne Ridley, Alan Hall na wenzao, jijini London, wakaonyesha kwamba Rac hiyohiyo ndiyo inayoiamuru aktini ijenge mikunjo kwenye ukingo wa seli. Rac ni swichi: ikishika GTP imewaka, ikiivunja kuwa GDP imezimika. Bwana ni mmoja. Naliona hilo kuwa jambo la busara, kwani moto uwashwao kabla ya kufika huunguza nyumba ya mwenyewe.

Mwaka 2000 ilichapishwa habari ya mtoto mchanga wa kiume, hapa Marekani. Damu yake ilijaa nyutrofili, lakini vidonda vyake havikupona wala havikutoa usaha. Katika protini yake ya Rac2, asidi ya amino ya 57 ilikuwa asparajini badala ya aspartiki. Kosa moja tu. Seli zikashindwa kutembea sawasawa, na kwa baadhi ya vichocheo zikashindwa pia kutoa supaoksidi. Aliokolewa kwa kupandikizwa uboho.

Nilimsimulia habari hii jirani yangu, mama wa Uvira, hapa Newburg, mtaa wa Louisville ninakofanya kazi ya kufasiri baina ya wagonjwa na wauguzi. Alikuwa ameniuliza, "Mwanangu, kidonda kikiwa kikavu, bila usaha, si ndiyo vizuri?" Mara nyingi ndiyo. Ila mtoto mwenye homa za kila mara, ambaye kidonda chake hakifungi wala hakitungi usaha, apelekwe kwa daktari upesi.

Kilichonishinda ni istilahi. Nilianza na "mifupa ya seli". Akauliza kama ikivunjika hufungwa plasta. "Kiunzi" ni bora, ingawa kiunzi hukaa tu, ilhali aktini hujengwa na kubomolewa ndani ya sekunde chache. Siku hizi nasema "jukwaa la mafundi", lile la miti wanalopandia wajenzi, leo upande huu, kesho ule. Mama yule alilikubali mara moja, kisha akauliza nani anawalipa mafundi. Nikamwambia habari za ATP.