Shajara ya kabati la nota

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Maboksi ya nota yamefika usharikani mchana huu, juu ya pikapu iliyokuwa imebeba saruji. Mvua ya vuli ilikuwa inanyesha, na vijana waliyafunika kwa turubai kabla hata ya kujifunika wenyewe. Nimewashukuru kwa hilo. Karatasi iliyolowa na kukauka hujikunja, na karatasi iliyojikunja haikai kwenye stendi hata uibane namna gani.

Nimefungua mawili tu. La kwanza lina seti za bendi za Uingereza, zile za matarumbeta matupu: koneti, honi, baritoni, tromboni, yufoniamu, tuba. Kila seti imo ndani ya bahasha yake, na juu ya bahasha imeandikwa orodha ya karatasi zilizomo. Nimeketi sakafuni nikahesabu seti moja moja. Nyingi zimetimia. La pili lina nota za bendi za shule za Marekani, zenye filimbi, klarineti na saksafoni ambazo bendi yetu ya matarumbeta haina.

Chini kabisa nimekuta kitabu cha Arban cha koneti. Mfaransa huyu alikitoa Paris mwaka 1864, na bado hakuna mpiga tarumbeta anayejifunza kwa dhati asiyekutana nacho. Mwalimu aliyenifundisha mimi alikuwa na kurasa chache za fotokopi ambazo tulizipokezana mpaka herufi zikafutika. Sasa nimekishika kizima, na mazoezi ya ulimi, ya midomo na ya vidole yamo yote kwa mpangilio wake. Mwishoni kuna vipande vya mpigaji mmoja na zile tofauti zake maarufu juu ya wimbo wa Venice. Nitakifunika kwa nailoni kesho.

Alhamisi, 9 Novemba

Mazoezi ya leo nitayaandika kwa kirefu, maana vijana wamerudi nyumbani wamefadhaika, na nataka Jumamosi niwaeleze vizuri.

Niligawa seti moja ya Uingereza, wimbo rahisi wa polepole. Nikahesabu moja mbili tatu. Kilichotoka hakikuwa wimbo. Koneti zilikuwa juu kuliko inavyotakiwa, waliopewa karatasi za honi wakatoa kitu kingine kabisa, na tromboni ya besi peke yake ndiyo iliyokuwa mahali pake. Binti anayepiga sauti ya pili akaniambia, "Mwalimu, mimi nimepiga kilichoandikwa." Ni kweli, alikuwa amepiga kilichoandikwa.

Tatizo ni la desturi mbili za uchapishaji. Sisi wa sharika za Kilutheri tulirithi matarumbeta yetu kutoka Ujerumani, na huko njia iliwekwa na mchungaji mmoja wa Bethel, Johannes Kuhlo, aliyeishi kuanzia 1856 hadi 1941. Kuhlo alitaka mpiga tarumbeta afungue kitabu kilekile anachotumia mpiga kinanda na kwaya, asome nota zilezile, wapige pamoja bila mtu kuandika upya chochote. Kwa hiyo kwetu nota ikisema Do (C) ya piano, tarumbeta linatoa Do ya piano. Mchezaji ndiye anayejifunza vidole vinavyolingana na sauti halisi.

Waingereza walipita njia nyingine. Bendi zao zilikua migodini na viwandani, kati ya watu waliofanya mazoezi baada ya zamu. Wao waliandika karibu kila sauti kwa ufunguo wa G, kuanzia koneti mpaka tuba kubwa, na wakaihamisha ili nota ileile ishikwe kwa vidole vilevile kwenye kila chombo. Mpiga honi akiugua, mpiga koneti anachukua honi na karatasi yake na kazi inaendelea. Ila nota iliyoandikwa C hutoka B-flati kwenye koneti, na hutoka E-flati kwenye honi. Tromboni ya besi waliiacha na ufunguo wa F na sauti halisi.

Kwa hiyo vijana wangu waliposoma karatasi za koneti kwa desturi yetu walipanda toni moja nzima. Wote walikuwa sahihi kwa kitabu walichofundishiwa, na wote walikuwa nje ya wimbo.

Njia zote mbili nazipenda. Ya Kuhlo inamfanya mpiga tarumbeta kuwa mwenza wa kwaya, na ya Waingereza inamfanya fundi wa vyombo vyote. Anayetaka kupiga nota za watu wengi itabidi ajue zote mbili, basi. Jumamosi tutaanza.

Jumanne, 14 Novemba

Nimemaliza boksi la Marekani. Humo nimekuta Suite ya kwanza ya Gustav Holst katika E-flati. Holst aliiandika 1909, ikachapwa London 1921, na kwa miaka mingi kiongozi wa bendi hakuwa na nota kamili ya kusomea. Alipewa karatasi yenye muhtasari tu, sauti zote zimebanwa kwenye mistari michache. Nota kamili ilitoka 1948. Naiwaza hali hiyo: watu zaidi ya ishirini mbele yako, kila mmoja na karatasi yake, na wewe hujui kwa hakika klarineti ya tatu inasoma nini.

Hatuwezi kuipiga. Inataka vyombo vya mbao tusivyokuwa navyo. Nimeisoma hata hivyo, jioni yote, kwa kidole. Nimefurahi kuona zile nota ndogo ambazo wachapishaji huziweka kwenye karatasi ya mtu aliyenyamaza muda mrefu. Anayepumzika vipimo thelathini hupewa, kabla tu ya zamu yake, nota chache za chombo kingine, azisikie ajue mahali pake. Anayeandika hivyo amemfikiria mtu atakayekaa kwenye kiti kile, ambaye hatamwona maisha yake yote. Kugeuza ukurasa ni vivyo hivyo. Mchapaji mzuri hupanga nafasi ili ukurasa uishie penye pumziko, mkono uwe huru. Mwanakamati aliniuliza juzi kwa nini tusipige picha za simu tukaachana na makaratasi. Nitamwonyesha hili. Simu si mbaya, nazo nota nyingi za kwaya zetu siku hizi zinasambaa kwa simu. Lakini karatasi iliyopangwa kwa akili humhudumia mpigaji hata kiongozi akiwa amepotea.

Jumamosi, 18 Novemba

Harusi leo, kutoka kanisani hadi ukumbini, kwa miguu. Tumetumia zile kadi ndogo za machi kutoka boksi la kwanza, saizi ya kiganja, zinazobanwa kwenye tarumbeta lenyewe. Tulipiga zilizoandikwa kwa mtindo wa Uingereza, baada ya saa nzima ya mazoezi asubuhi. Hazikutoka vibaya.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimeitafuta kazi ya marehemu mwalimu wetu, ule mpangilio wake wa wimbo wa Krismasi ambao kila mtu mwenye umri wangu hapa anaukumbuka. Aliuandika kwa sauti nne, kwa mkono wake, penseli juu ya karatasi aliyoipigia mistari kwa rula. Nimelishusha kabati zima. Nimepata sauti ya pili na sauti ya tatu. Ya kwanza hakuna. Besi hakuna.

Nikamwendea mzee aliyekuwa akipiga besi enzi hizo. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Alifumba macho, akaimba besi yake mpaka katikati, akasimama. "Hapa palikuwa na kitu kizuri," akasema, "lakini kimenitoka." Nimeandika alichokumbuka. Sauti ya kwanza ni wimbo wenyewe, tunaweza kuurudisha, ingawa mwalimu alikuwa ameupamba kwa namna yake na mapambo hayo yamepotea. Hakuna mahali palipoandikwa jina lake wala mwaka. Mtu asiyemfahamu akizikuta karatasi hizi mbili atazitupa.

Sioni wa kulaumiwa. Kila mpigaji alikwenda nyumbani na karatasi yake ili afanye mazoezi, jambo jema. Wengine walihamia Arusha, wengine Dar, na karatasi zikaenda nao. Lakini bendi iliyobaki na sauti mbili kati ya nne haina wimbo.

Jumatatu, 4 Desemba

Leo imetimia miaka 80 tangu ndege za Uingereza zilipoipiga Leipzig kwa mabomu, alfajiri ya 4 Desemba 1943. Jambo hili linatuhusu sisi wa Kilimanjaro kuliko wengi wanavyojua. Wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig. Na mji huohuo ndio uliokuwa kitovu cha uchapaji wa nota duniani. Wachapaji Breitkopf walianza huko 1719. Kampuni iliyokuja kuitwa Peters ilianza 1800, na mwaka 1867 ikatoa matoleo ya bei nafuu ambayo yaliwafanya watu wa kawaida wawe na Bach na Beethoven nyumbani.

Kazi ile ilikuwa ya mkono. Fundi alichukua bamba la madini laini, lenye risasi na bati, akachora mistari mitano kwa mpigo mmoja kwa chombo chenye meno matano. Kisha vichwa vya nota, funguo na namba alivigonga kimoja kimoja kwa mihuri ya chuma na nyundo, na mikia akaichonga. Yote aliyafanya kinyumenyume, kuanzia kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikitoka isomeke sawa. Akikosea, aligeuza bamba, akagonga nyuma yake mpaka pale palipokosewa pakawa tambarare, akaanza tena. Kabla ya hapo, mchapaji Petrucci wa Venice, mwaka 1501, alipitisha karatasi kwenye mashine mara kadhaa: mistari, nota na maneno, kila kimoja kwa zamu yake. Usafi wa kazi yake bado unastaajabisha.

Asubuhi ile ya 1943 mtaa wa wachapaji uliungua, na jengo la Breitkopf likaangamia. Kampuni ikaja kugawanyika, nusu Leipzig chini ya serikali, nusu Wiesbaden. Mwenye Peters, Henri Hinrichsen, hakuwepo kuuona moto huo. Alikuwa Myahudi. Wanazi walimnyang'anya kampuni, na mwaka 1942 wakamuua Auschwitz. Mtu aliyetumia maisha yake kuweka muziki mikononi mwa watu. Nimeliandika jina lake hapa ili nami nisilisahau.

Matoleo ya nyumba hizo yamebaki kwa sababu yalikuwa yametawanyika mno. Kilichochapwa kwa wingi hakikukaa mahali pamoja kungoja moto.

Jumatano, 6 Desemba

Katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116 ni wimbo wetu wa Pasaka, Mfurahini Haleluya. Maneno ni ya Bernard Kyamanywa, aliyeyaandika 1966, na sauti yake ni ya Tanzania. Kwa sababu umo kitabuni, matarumbeta ya Wajerumani nayo yana nota zake za sauti nne, zilizochapwa, zenye jina la mtunzi. Sisi tuliutoa, na atakayeupiga huko miaka mia ijayo atajua ulitoka kwa nani.

Hivyo ndivyo ninavyotaka kazi ya mwalimu wetu iwe. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo familia yake nitaiomba ruhusa kwanza, na nakala ya kwanza itakuwa yao.

Nimeandika tangazo lisomwe Jumapili hii ya pili ya Majilio, na nalinakili hapa kama lilivyo:

"Ndugu wapendwa, yeyote aliyewahi kupiga tarumbeta katika usharika huu, au aliyerithi vitu vya mpigaji, aangalie kwenye masanduku na ndani ya Biblia za zamani. Ukikuta karatasi ya nota iliyoandikwa kwa mkono, hata iliyochanika, hata ya sauti moja tu, ilete ofisini au mpigie mtunza nota aifuate mwenyewe. Walioko Arusha na Dar es Salaam wafikishieni ujumbe. Tunatafuta hasa sauti ya kwanza na besi. Na ninyi mnaotunga leo: andikeni sauti zote, wekeni jina na mwaka, na nakala moja iachwe kabatini."