Kabla Amplifaya Hazijawa Nyepesi

Miaka ya 1980 ilikuwa nadra kwa mpiga besi wa Dar es Salaam kumiliki amplifaya. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi: JUWATA Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Mlimani Park ya shirika la DDC, na nyingine nyingi za matajiri. Mwanamuziki alipanda jukwaani na kushuka mikono mitupu. Mjomba wangu, aliyepiga besi kwenye bendi ndogo ya Magomeni, alipata yake tajiri alipovunja bendi na kumlipa malimbikizo ya mshahara kwa chombo kibovu.

Ilikuwa ya vali, mzigo wa watu wawili, na ukiiwasha inanguruma hata gitaa halijachomekwa. Tukaifungua sebuleni, juu ya meza ya chakula.

Kabla ya ufundi, mjomba alinifundisha kutokufa. Ndani ya mashine ya vali kuna volti 400 na ushei, na kapasita huzitunza hata plagi ikishachomolewa. Alichukua rezista iliyofungwa waya pande zote mbili. Waya mmoja akaubana kwenye chasisi, wa pili akaugusisha kwenye kapasita kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuficha mfukoni. Akasubiri, akapima kwa mita, ndipo akasema, "Haya mjomba, inama uone."

Kapasita za kuchuja umeme zilikuwa zimekauka. Umeme wa ukutani huzunguka mara 50 kwa sekunde. Ukishageuzwa kuwa wa njia moja hubaki na mawimbi 100, na kazi ya kapasita ni kuyalaza. Zikikauka, mawimbi yanasikika kwenye spika. Besi ndiyo huumia zaidi, maana waya wake mnene hutikisika kama mara 41 kwa sekunde na noti yake hudai umeme mwingi kwa mkupuo. Vipuri vilikuwa adimu, hivyo tuling'oa kapasita nzima kwenye redio kuukuu, tukaziunganisha mbilimbili zigawane volti.

Biashara ilipofunguliwa, Kariakoo ikajaa vipuri, nasi tukahamia kwenye amplifaya za transista. Volti zilipungua, lakini ukazuka ugonjwa mwingine: transista ya kutolea sauti ikipiga shoti, fyuzi mpya inakatika papo hapo. Dukani 2N3055 zilikuwepo tele, za kweli na za bandia, na kwa nje hazitofautiani. Dawa yetu ilikuwa balbu ya wati 100, iliyofungwa kwa mfululizo kati ya ukuta na amplifaya. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, unaweza kuendelea. Fyuzi hukulinda baada ya hasara, balbu ilitulinda kabla.

Amplifaya yangu ya sasa naibeba kwa mkono mmoja. Ilipozima, niliifungua nikakuta ile transfoma nzito haipo. Nafasi yake imeshikwa na saketi inayokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na vipuri vyake vidogo kama chenga za mchele. Balbu yangu haikufua dafu, kwani saketi ya namna hiyo ikinyimwa umeme wa kutosha hugoma kuwaka. Muuzaji wa vipuri aliitazama, akairudisha. "Kaka, hapa hubadilishi kipuri. Unabadilisha bodi." Bei ya bodi ilikaribia ya amplifaya mpya.

Siyatamani yale ya zamani. Mgongo wangu unakumbuka ngazi za kumbi. Tena bado kuna kazi ya kufanya nyumbani: jeki iliyolegea, volyumu inayokwaruza kwa vumbi, feni iliyoziba, waya wa spika uliokatikia ndani ya plagi. Ila uamuzi mkubwa umehama kutoka mezani hadi dukani. Zamani ulinunua kwanza, mambo ya fundi baadaye. Sasa, kabla ya kuuliza wati, nauliza kama bodi yake inauzwa peke yake, na kama mchoro wa saketi unapatikana. Majibu yakiwa hapana, natafuta nyingine.